Ruta ipi itahimili laini ya simu yenye kelele? ADSL inakatika kila jioni

Kitongamji

Wakuu, naomba ushauri. Niko Morogoro, intaneti ya nyumbani inakuja kwa waya wa shaba wa simu ya mezani: ADSL2+, kifurushi cha Mbps 4. Fiba haijafika mtaa huu, na 4G ndani ya nyumba inasuasua. Mchana laini iko sawa, ila kuanzia saa moja usiku taa ya DSL inaanza kupepesa, inakata dakika mbili tatu, inarudi, inakata tena. Siku ya mvua ndiyo usiseme.

Ukurasa wa takwimu wa ruta unasema hivi:

Kasi ya kushusha: 4,096 kbps
Line Attenuation (mawimbi yanavyopungua njiani): 46 dB
SNR Margin (pengo la SNR, yaani akiba ya mawimbi juu ya kelele): 5.5 dB mchana, 1 hadi 2 dB usiku
CRC (data zilizofika na makosa): chache mchana, usiku zinapanda kwa maelfu ndani ya saa moja

Ruta ni ile iliyokuja na laini. Dukani wananionyesha moja yenye antena nne, laki moja na themanini. Nichukue? Kama si hiyo, niangalie nini?

Shaba04

Mkuu, hiyo laki na themanini iache kwanza mfukoni. Antena ni za WiFi. Hazina uhusiano wowote na waya unaotoka nguzoni, na laini yako inafia kwenye waya.

Kinachoshika laini mbovu ni chipu ya modemu iliyo ndani, pamoja na programu yake. Kwenye ADSL utakutana zaidi na Broadcom, Lantiq na zile za TrendChip, ambazo baadaye ziliingia Ralink na kisha MediaTek. Jambo la kwanza kujua ni chipu gani iko kwenye mitambo ya kituo cha simu, kwa sababu chipu za ukoo mmoja mara nyingi huelewana vizuri zaidi laini ikiwa dhaifu. Kwenye ruta nyingi za Broadcom unaingia kwa telnet (njia ya kuipa ruta amri kwa maandishi kutoka kompyuta) na kuandika

xdslctl info --stats

(kwenye za zamani ni adsl info --stats). Hapo utaona pengo la SNR, FEC (makosa yaliyosahihishwa), CRC, na idadi ya mara laini ilivyokatika. Ruta isiyokuonyesha hizi namba usiinunue kwa laini ya namna hii, hata iwe nzuri vipi kwa mambo mengine.

Na usinunue kwa jina la modeli peke yake, soma na toleo kwenye kibandiko cha chini. Netgear DG834G toleo la 1 hadi la 3 ilikuwa na chipu ya Texas Instruments, toleo la 4 wakaweka Broadcom. Boksi lile lile, jina lile lile, tabia tofauti kabisa kwenye laini ndefu.

Mzee wa Nguzo

Namba za mleta mada zinasema mengi, tuzisome kabla ya kwenda dukani.

Waya wa kawaida wa simu hupoteza takriban dB 13.8 kwa kilomita kwa kipimo cha ADSL. Kwa hiyo 46 dB ni kama kilomita 3.3 kutoka kituoni. Kwa umbali huo waya mzima hubeba Mbps 4 bila kuhema, na pengo la SNR lingepaswa kubaki juu ya 6 kwa nafasi nzuri. Wewe mchana una 5.5 na kasi imefungwa kwenye 4,096. Maana yake kuna kelele inakula akiba yako hata mchana, na usiku inamaliza iliyobaki.

Kwa nini usiku? Redio za AM ziko kati ya 531 na 1,602 kHz, katikati kabisa ya masafa ya ADSL. Jua likizama mawimbi hayo husafiri mbali sana, stesheni ambazo mchana husikii zinaingia. Ongeza taa za LED za bei poa, chaja na televisheni za mtaa mzima zinazowashwa saa ile ile. Lakini jozi ya waya iliyosokotwa vizuri ingezikataa hizo kelele, kwa sababu nyaya mbili zinapokea sawasawa na zinafutana. Zikiingia, kuna mahali waya mmoja hauko sawa na mwenzake.

Fanya vipimo vitatu, vyote bure:

1. Chomoa kila kitu. Chomeka simu ya waya (si ya kordilesi) kwenye kisanduku cha kwanza kabisa pale waya unapoingia nyumbani. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, kisha sikiliza. Panatakiwa pawe kimya. Mkwaruzo, mvumo au sauti ya redio ni ugonjwa wa laini, si wa ruta.

2. Chomeka ruta hapo hapo, bila simu wala waya mwingine wa ndani, usiku mmoja mzima. Linganisha CRC.

3. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, iweke karibu na 612 kHz pasipo na stesheni, izungushe karibu na ruta, adapta, decoder na taa. Ikinguruma mahali, zima kifaa hicho uone kama pengo linapanda.

Dada Jozi

Naongezea waya wa ndani, maana watu wengi wanaishia kulaumu nguzo wakati tatizo liko nyuma ya kochi.

Kila kifaa kilicho kwenye laini hiyo, iwe simu, faksi au kengele ya wezi, lazima kipite kwenye filta (kifaa kidogo kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti). Kimoja tu kikisahaulika kinaharibu laini yote. Bora zaidi ni splita moja pale waya unapoingia: tundu la LINE linapokea kutoka nje, PHONE linakwenda kwenye simu zote, DSL linakwenda kwenye ruta peke yake.

Ule waya bapa wa mita 15 unaouzwa madukani kwa simu haujasokotwa, unapokea kelele urefu wake wote. Kati ya splita na ruta tumia jozi moja ya kebo ya CAT5e, kwa mfano bluu na nyeupe-bluu, ukiifunga kwenye pini mbili za katikati za kichwa cha RJ11. Usichukue waya mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka jozi ile, hapo unakuwa umeufungua msokoto kwa mkono wako mwenyewe. Kama ruta inatakiwa iwe mbali, iache karibu na kisanduku, halafu urefushe kwa kebo ya Ethaneti, ambayo inafika mita 100 bila shida.

Kitongamji

Asanteni sana. Kipimo cha kwanza: kuna mkwaruzo, tena unaongezeka waya wa nje ukitikiswa na upepo. Cha pili: CRC zimepungua kidogo tu. Redio haikunguruma popote ndani. Na jambo jingine: simu ya mezani ikiita, intaneti inakatika papo hapo. Filta ni ile ile ya zamani.

Mzee wa Nguzo

Badilisha filta kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Ukiweka mpya na bado intaneti inakatika kila simu inapoita, basi una kiungo cha waya kilichooza, na kwa dalili hiyo ya upepo na mvua mimi naamini hivyo tayari.

Kiungo chenye kutu hakikatiki moja kwa moja. Kinashika kwa ncha tu, ukinzani wake unapanda na kushuka. Laini ikiwa imetulia ina volti 48 hivi za DC bila mkondo wa maana. Simu inapoita, kituo kinatuma AC ya volti 75 hadi 90, mkondo unapita kwenye kile kiungo, ukinzani unabadilika ghafla na modemu inapoteza mawimbi. Ukinzani huo uko upande mmoja wa jozi, ndiyo maana redio za usiku nazo zinaingia.

Ukipiga simu kuripoti, anza na mkwaruzo kwenye simu ya sauti. "Intaneti inasumbua" itakuletea maelekezo ya kuzima na kuwasha ruta. Mkwaruzo unaleta fundi mwenye ngazi. Akifika mwombe apime ukinzani wa kila waya kwa ardhi na kati ya nyaya zenyewe (unatakiwa uwe zaidi ya megaoumu moja), kisha ukinzani wa mzunguko. Waya wa mm 0.4 hutoa kama oumu 274 kwa kilomita kwenda na kurudi, wa mm 0.5 kama 175. Waya mmoja ukizidi mwenzake, kiungo kibovu kiko hapo. Viungo vya boksi la nguzoni vikatwe na kufungwa upya kwa viunganishi vyenye jeli ndani. Kusokota waya na kuzungushia selotepu ya umeme ni kusubiri masika ijayo.

Umeme Mdogo

Swali la adapta halijaulizwa. Umeme wa jioni ukishuka, adapta iliyochoka inatoa volti chafu na modemu inaangusha laini hata kama waya ni mzima. Mbadala uwe na volti ile ile na upande ule ule wa chanya, ampea sawa au zaidi. UPS ndogo ya 12 V DC inafaa sana hapa, mradi ruta yako iwe ya 12 V. Kizuia radi cha laini ya simu ni muhimu, ila chagua kilichoandikwa kuwa ni cha DSL. Vingine vinameza masafa ya juu.

Shaba04

Nikirudi kwenye ununuzi. Subiri kiungo kirekebishwe, kisha kama pengo la usiku bado liko chini ya 6, ndipo ununue.

DrayTek Vigor 130 ni modemu tupu na watengenezaji hutoa programu zenye misimbo tofauti ya modemu, unajaribu unaoelewana na kituo chako. Unaiweka kwenye hali ya daraja (inapitisha data tu), na ruta ya WiFi unayoipenda ndiyo inaingiza jina na nywila ya PPPoE, yaani ya kuingilia kwa mtoa huduma. FRITZ!Box ina kitelezi cha kuchagua uthabiti badala ya kasi, lakini angalia ya mtumba: zile za soko la Ujerumani zililenga Annex B, kwa kuwa ADSL ya huko ilijengwa juu ya ISDN (laini za simu za kidijitali). Wewe unahitaji Annex A, ya laini za simu za kawaida.

Hata ruta uliyonayo, kama ni Broadcom, jaribu leo:

xdslctl configure --snr 150

100 ndiyo kawaida, ukipandisha unadai pengo kubwa zaidi. Laini itakata na kushika upya kwa kasi ndogo kidogo. Hesabu yake: ADSL hugawa masafa ya waya kuwa vijia vingi vidogo; kila dB 3 inagharimu biti moja kwa kila kijia cha masafa, na kila kijia hutuma mara 4,000 kwa sekunde. Vijia 150 vikiwa kazini, unapoteza kama kbps 600. Mbps 3.5 isiyokatika ni bora kuliko 4 inayokata kila robo saa. Ruta ikizimwa amri inafutika, itabidi uiandike tena.

Kingine, chagua ADSL2 ya kawaida badala ya ADSL2+. Kwa 46 dB vijia vya juu ya 1.1 MHz havibebi kitu. Bitswap (kuhamisha biti kutoka kijia chenye kelele kwenda kingine) iwe imewashwa, na SRA (kubadilisha kasi bila kukata laini) kama ipo. Halafu omba kituoni wakuwekee interleaving (kutawanya data ili makosa ya ghafla yasahihishwe) yenye INP 2, kiwango cha kinga dhidi ya kelele hizo: inafuta kelele za ghafla za hadi nusu milisekunde. Ping (muda wa data kwenda na kurudi) itapanda kiasi, na kama huchezi gemu za mtandaoni hutaiona.