Vijana wetu wanatoweka baada ya kipaimara: usharika ubadilishe nini katika huduma yake?

Mzee wa Mtaa (Moshi Vijijini) anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wazee wenzangu wamenituma nikusanye mawazo kabla halmashauri haijaketi kupanga bajeti ya mwaka ujao.

Kila mwaka tunabariki kundi kubwa la vijana wa kipaimara. Wanasoma miaka miwili, wanakariri Katekisimo Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, na siku yao ikifika wanasimama mbele ya madhabahu wakiwa wamevaa nguo nyeupe, huku nyumbani wazazi wamechinja na ndugu wamepanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kusherehekea. Baada ya miezi michache tunaoendelea kuwaona ni wale wa kwaya ya vijana tu, pamoja na watoto wa wahudumu. Wengine wamekwenda sekondari za bweni na wengine mjini kutafuta maisha, na hao hatuwezi kuwalaumu. Lakini wapo waliobaki hapa hapa kijijini, ambao ninawakuta kwenye vijiwe vya bodaboda asubuhi ya Jumapili nikielekea ibadani, na wapo wanaopita mbele ya lango letu kwenda kusali katika makanisa ya kipentekoste yaliyo kando ya barabara. Haiwezekani kusema kwamba vijana wameadimika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na zaidi ya asilimia 40 kati yao ni watoto wasiofikisha miaka 15. Taifa zima ni la vijana, ila mabenchi yetu yamejaa watu wa umri wangu.

Wajumbe wa halmashauri wamegawanyika. Upande mmoja unataka tununue vipaza sauti vipya, kinanda cha umeme na ngoma, kisha tuanzishe ibada ya tatu ya vijana isiyofuata liturujia, yaani utaratibu wa ibada wa kitabu, yenye timu ya kusifu na kuabudu. Upande wa pili unasema hatua hiyo italigawa kanisa na kuwafundisha vijana kwamba ibada ni burudani. Mimi sijaegemea upande wowote, kwa sababu ninahisi pande zote mbili zinazungumza juu ya vyombo, wakati vijana wenyewe hakuna aliyewauliza. Naomba wenye uzoefu mniambie ni jambo gani lililobadilishwa kwenu likazaa matunda, na ni lipi lisiloguswa likabaki kuwa nguzo.

Mwinjilisti Mstaafu anajibu:

Mzee wangu, niruhusu nianze na historia ya mlima huo huo, kwa sababu mara nyingi tunajadili mambo haya kana kwamba kanisa la zamani halikuwahi kubadilisha lolote kwa ajili ya vijana.

Bruno Gutmann, mmisionari wa shirika la Kilutheri la Leipzig, Ujerumani, alifika kwa Wachaga mwaka 1902 na kufanya kazi huko, sehemu kubwa Old Moshi, hadi mwaka 1938. Aliwakuta vijana wakiwa wamefungwa pamoja na ukoo, ujirani na rika. Wamisionari wengi wa wakati wake waliona mambo hayo kuwa mabaki ya upagani yanayopaswa kung'olewa, lakini yeye aliamua kujenga usharika juu yake. Katika mafundisho ya kipaimara aliwaunganisha vijana katika vikundi vidogo vya wenzi wa ngao, kwa kufuata mfano wa rika la Kichaga, na kila mmoja akawa na wajibu wa kumtunza mwenzake. Gutmann alikuwa na mapungufu yake: aliuogopa mji na elimu ya kisasa kiasi cha kutowaelewa vijana waliovitamani, na wanateolojia wengine walimlaumu kwa kuifunga Injili na mila kupita kiasi. Hata hivyo alitambua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba kijana hadumu kanisani kwa sababu ya somo alilolikariri, bali kwa sababu kuna watu ambao akikosekana watamtafuta.

Tukirudi nyuma zaidi, Martin Luther, mwanamageuzi ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzikagua sharika za Saksonia huko Ujerumani na kushtushwa na jinsi watu walivyokuwa hawaijui imani yao. Aliziandikia sehemu zake kuu maelekezo kwamba baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Leo tumemtwika mwinjilisti mmoja kazi hiyo yote, darasa la Jumamosi asubuhi lenye vijana wengi kuliko viti, na mzazi anakumbuka kipaimara siku ya kununua nguo.

Kwa hiyo ushauri wangu hauhitaji fedha nyingi. Kabla hawajabarikiwa, wagaweni vijana katika vikundi vya wanne au watano, na kila kikundi kipewe mtu mzima mmoja asiye mzazi wao, mwenye mwenendo mwema na anayejua kusikiliza, ambaye ataendelea nao kwa miaka mitatu baada ya kipaimara. Na kijana anapohamia mjini, usharika usiridhike kumwandikia barua ya utambulisho. Mpigieni simu mchungaji wa huko anakokwenda na mwenyekiti wa vijana wake, ili Jumapili ya kwanza apate mtu wa kumpokea mlangoni. Tunawapoteza wengi katika safari ile ya kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, na hakuna ngoma wala kinanda kitakachoziba pengo hilo.

Binti wa Marangu anajibu:

Shikamoo mzee, shikamoo mwinjilisti. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu Dodoma, na nimefurahi kwamba mzee ametaka vijana waulizwe, maana kwa kweli ni mara chache tunaulizwa.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa kiongozi katika UKWATA, umoja wa Kikristo wa wanafunzi Tanzania, na sasa nipo TAFES, ushirika wa Kikristo wa wanafunzi wa vyuo. Huko wanafunzi wenyewe hupanga ratiba ya mwaka, hutunza fedha na kuzitolea hesabu, huhubiri, hutembelea wagonjwa, na wanapokosea husahihishwa na walezi bila kunyang'anywa kazi. Ninaporudi nyumbani likizo, katika usharika wangu kazi za kijana ni kupanga viti, kuimba na kubeba mazao ya mnada baada ya ibada. Msichana huyo huyo aliyetunza mahesabu ya mamia ya wanafunzi haaminiwi kushika daftari la sadaka ya jumuiya yake. Naamini hii ndiyo sababu kubwa ya wenzangu kuondoka, kuliko muziki. Makanisa yale ya kando ya barabara yana vipaza sauti, ni kweli, lakini pia humkabidhi kijana kazi mwezi ule ule anaoingia.

Jambo la pili ni yale yanayohubiriwa. Rafiki zangu wanakopa ili kubeti, wengine wana vyeti na hawana ajira, wengine wanaishi na wenzi wao kwa sababu mahari na gharama za harusi zimewashinda, na wapo walioelemewa na msongo wa mawazo hata wakafikiria kujidhuru. Mahubiri yanayosema tu kwamba vijana wa leo wameharibika hayawafikii, kwa sababu yanawazungumzia badala ya kuzungumza nao. Ningependa Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada ya pili, mchungaji akae na vijana kwa saa moja bila kipaza sauti, waulize watakalo, na wakati mwingine awepo daktari au mwanasheria miongoni mwa washarika wenyewe.

Jambo la tatu ni gumu, lakini nitalisema kwa heshima. Katika sharika nyingine ahadi za matoleo husomwa hadharani, jina kwa jina, na kiasi alichotoa mtu. Kijana asiye na kipato anayesikia jina lake likifuatiwa na sifuri mbele ya mama yake harudi Jumapili inayofuata. Kuna lipa namba siku hizi. Kila mtu anaweza kutoa kwa siri na kupata ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake.

Kuhusu ndugu wa bodaboda, mzee, Jumapili asubuhi ndiyo saa yao ya kupata abiria wengi, wakiwemo washarika wanaokuja kanisani. Ibada ya jioni ingewafaa kuliko ibada ya tatu ya mchana.

Mwanglikana wa Nairobi anajibu:

Wapendwa, hamjambo. Nachangia kutoka Kenya, ambako tumetembea njia hii kwa muda na tumeona faida na hasara zake.

Makanisa mengi ya mjini kwetu yana ibada ya vijana ya Kiingereza katika ukumbi wao, yenye bendi yao na viongozi wao. Yako makanisa yaliyojengwa karibu kabisa juu ya kizazi kipya, kama Mavuno, iliyozaliwa kutoka Nairobi Chapel mwaka 2005 na ambayo kozi yake ya wiki kumi iitwayo Mizizi imewasaidia wengi kurudi kwenye imani. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Lakini katika parokia za kawaida nimeona kijana anakaa ukumbini miaka kumi, anaoa, anapata mtoto, na siku anapotakiwa kuhamia ibada ya watu wazima hamjui mtu hata mmoja mle ndani, wala liturujia, wala tenzi. Mkianzisha ibada hiyo, iwekeeni daraja tangu siku ya kwanza: Meza ya Bwana ya pamoja angalau mara moja kwa mwezi, vijana wakisoma masomo na wazee wakiwepo, bila kisingizio.

Lililo zito zaidi kwetu limekuwa uaminifu. Vijana walioandamana Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha waliyauliza makanisa waziwazi kwa nini yanawapa wanasiasa mimbari na kupokea harambee zao. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa letu la Kianglikana alikuwa amekwisha kulikataa jambo hilo Septemba 2021 huko Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, lakini utekelezaji wake mashinani ulilegalega. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilikataa mchango ambao Rais Ruto aliutoa kwa parokia ya Soweto jijini Nairobi, na nawahakikishia kwamba vijana wasiokanyaga kanisani kwa muda mrefu waliisoma taarifa ile na kuijadili kwa siku kadhaa. Waliona kanisa likiishi lile linalolihubiri, likiwa tayari kupoteza kitu. Kabla hamjanunua vyombo, jiulizeni kama hesabu za usharika zinabandikwa mahali ambapo kijana anaweza kuzisoma.

Mama wa Shule ya Jumapili anajibu:

Nawashukuru wote, hasa binti yangu wa Marangu aliyesema wazi. Nina neno moja tu la kuongeza, na kwa sehemu ni la kupinga. Msidhani kwamba watoto hawapendi nyimbo za kitabu. Mimi nawafundisha watoto wadogo tenzi kwa sauti nne, nawaeleza ziliimbwa lini na kwa sababu gani, nao huziimba njiani wakirudi nyumbani. Wanaochoka ni wale wanaoimbishwa beti saba kwa mwendo wa kuburuta na mtu ambaye mwenyewe hana furaha nazo. Na someni tena Matendo 20: Eutiko alilala dirishani Paulo alipozidisha maneno, akaanguka, na Paulo aliacha kuhubiri akashuka chini kumkumbatia. Mhubiri aliyeheshimika kuliko wote alishuka kwa ajili ya kijana mmoja.

Mzee wa Mtaa anarudi:

Marahaba binti yangu, na asanteni nyote. Nimeyasoma majibu haya mbele ya wazee wenzangu wawili, na tumekubaliana kwamba suala la kinanda na ngoma lisubiri. Tutapeleka kwenye halmashauri mapendekezo haya: vikundi vya wenzi na walezi wao vianze na darasa la kipaimara lililopo sasa, vijana wawili, wa kike na wa kiume, waingie katika kamati ya fedha wakiwa wajumbe kamili wenye kura, hesabu za kila robo mwaka zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na usomaji wa ahadi kwa majina ukome. Hili la mwisho litapingwa, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba bila kusomwa watu hawatatoa. Nitasimama nalo, maana Mtume Paulo alimwandikia Timotheo, "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako," na sioni tunavyoweza kuusoma mstari huo mimbarani kisha tukamfedhehesha kijana kwa umaskini wake kabla ya baraka ya mwisho.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jibu. Ibada ya jioni kwa ajili ya bodaboda naiona ni ya haki kabisa, lakini mchungaji wetu anahudumia mitaa kadhaa, na kufikia saa kumi jioni ya Jumapili huwa amechoka sana. Kama kuna usharika uliokwisha kuianzisha, naomba mnieleze mnagawanaje zamu kati ya mchungaji, mwinjilisti na wazee, na kama dayosisi yenu imewaruhusu vijana waliofunzwa kuongoza liturujia siku ambazo hakuna Meza ya Bwana.