Tupeane uzoefu: pikapu ya kazi kwa barabara zetu za Malindi, nani kanunua nini na yakampata yapi?

Mkulima wa Marafa
Hamjambo wenzangu. Jana nilikuwa natoa maembe shambani kwa Probox. Safari ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu udongo ulikuwa umelowa na gari likazama mpaka likakalia tumbo. Tulilisukuma watu sita, maembe yamewekwa chini kwenye majani, na mvua inaanza tena. Pale pale nikasema sasa basi, nanunua pikapu.

Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, wamekubali kunipa shilingi 1,800,000. Nataka ya dizeli inayobeba tani moja, ipande Marafa masika, na iteremke mpaka sokoni Malindi alfajiri bila kuniaibisha. Niko kati ya Toyota Hilux na Isuzu D-Max. Singo kebini, ya viti vya mbele tu, au dabo, yenye viti vya nyuma pia? Iliyotumika hapa hapa, au niagize nje? Naomba aliyenunua kwa pesa zake aseme lililompata. Habari za kusikia ninazo nyingi.

Duka la Vifaa Muyeye
Singo kebini. Nina miaka tisa nabeba saruji na mabati. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ndiyo tani yako hiyo. Bodi ya singo, pale pa mzigo, ina urefu wa mita mbili na zaidi, ya dabo kama mita moja na nusu. Bati la mita tatu kwenye dabo nusu nzima inaning'inia nje, unafunga kitambaa chekundu na kuomba Mungu. Mkulima anataka bodi. Viti vya nyuma atavitia embe?

Kijana wa Watamu
Tofauti na wewe kaka. Mimi nilianza na singo nikajuta mwaka wa kwanza. Mke, watoto wawili, mama mzee wa kupelekwa kliniki, wote utawaweka wapi? Nyuma kwenye bodi? Kila kizuizi cha polisi ulikuwa mjadala. Dabo kebini inafanya kazi siku sita, ya saba inabeba familia.

Duka la Vifaa Muyeye
Familia ipande matatu. Pikapu ni ya kazi.

Kijana wa Watamu
Mama yako ndiye apande matatu akiwa na mguu umevimba?

Binti wa Gongoni
Muogopeni Mungu, mama wa mtu msimtaje hivyo. Aliyeuliza ana swali la maana.

Fundi wa Maweni
Mkulima, swali la Hilux au D-Max nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa kushika spana. Zote mbili spea zake zipo mjini, ukikosa Malindi unapiga simu Mombasa, jioni zinakuja na basi. Hilo ndilo la kwanza: spea iko wapi, na nani anaijua injini hiyo. Hilux utazikuta za injini ya lita 2.5 na 3.0 za zamani, kisha za 2.4 na 2.8. D-Max utakutana na 2.5 na 3.0. Kwa tani moja na kilima cha Marafa, hata hizo ndogo zinatosha ikiwa nozeli za kupuliza mafuta na tabo (turbo) ni nzima.

Ukienda kuitazama, iendee injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Muuzaji akikupokea injini tayari ina moto, ana analolificha. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: moshi ukikupiga usoni kwa mapigo, pistoni zimechoka. Fungua oili ya difu, ichovye kidole. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, hiyo gari imeogelea. Kisha foo-wili, yaani tairi zote nne kuvuta: nenda mchangani uitie, isikie ikivuta mbele. Usiijaribu kwenye lami kavu ukikata kona, utaumiza giaboksi ya foo-wili bure.

Halafu lala chini. Watu wa mji huu hununua pikapu wakiwa wamesimama.

Mama Samaki Ngomeni
Fundi, hilo neno lako la mwisho limenirudisha mbali. Mimi nilinunua nikiwa nimesimama.

Nafanya biashara ya samaki na kamba, natoa Ngomeni napeleka Malindi. Nilikuwa nakodi gari kila siku, nikaona nitie pesa zangu nijitegemee. Dalali akaniletea dabo kebini, nyeupe, inang'aa, ndani inanuka marashi. Nikainama kidogo nikatazama chini, nikaona kumepakwa rangi nyeusi mbichi, safi kabisa. Nikafurahi. Nikasema huyu mwenyewe alikuwa mtu wa kutunza gari.

Kazi yangu mnaijua. Mashua ikifika, gari inashuka ufuoni mpaka tairi zinagusa maji. Makasha yanapakiwa, barafu inayeyuka, maji ya samaki na chumvi yanachuruzika kwenye bodi kutwa nzima yanaingia kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Mwaka mmoja na nusu nilifanya hivyo. Niliosha juu. Chini sikuwahi kuosha hata siku moja.

Siku hiyo tulitoka saa kumi alfajiri, mimi, dereva na binti yangu mkubwa. Tuna nguru, kolekole na makasha mawili ya kamba. Mzigo haukuwa mkubwa, tulishabeba zaidi ya huo. Tumetoka mchangani, tumeshika lami, tumepita Gongoni. Tukapita tuta la kawaida tu, wala si kwa kasi. Nikasikia mlio kama mtu amevunja kuni kavu kwa goti. Mwangaza wa taa ukapanda juu kwenye minazi. Nilidhani tumepanda kitu. Kumbe kichwa cha gari ndicho kilichopanda, bodi imeshuka, gari imekatika katikati nyuma ya viti. Binti yangu ameegemea kioo cha nyuma, miguu yake iko juu, ananiita mama, mama, na mimi siwezi kufungua mlango kwa sababu umebanwa.

Dereva akatokea dirishani. Alimtoa binti kwanza kisha mimi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila binti hakutaka kupanda gari wiki nzima.

Kulipokucha fundi mmoja wa Mambrui akaja. Akachukua bisibisi ya kawaida, akaisukuma kwenye chesisi kwa mkono mmoja, ikaingia mpaka kwenye mpini. Rangi ile nyeusi ilibanduka na kutu imeshikana nayo, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Ndani mlikuwa mmejaa mchanga uliolowa. Akaniambia, mama, hiki chuma kilikufa kabla hujakinunua, wewe umekizika tu.

Samaki niliwauza pale pale barabarani. Watu wa Mambrui walitoka na mabeseni, kamba waliondoka kwa nusu ya bei. Barafu ilikuwa inatiririka kwenye lami mpaka mtaroni.

Dereva Mstaafu
Subhanallah.

Binti wa Gongoni
Nilikuwa kituoni asubuhi hiyo, niliiona. Sikujua kwamba ni ya mama.

Kijana wa Watamu
Pole sana mama. Ilikuwa gari aina gani? Tuambie tuikimbie.

Mama Samaki Ngomeni
Sitaji.

Duka la Vifaa Muyeye
Mama, ukificha jina unawaumiza wengine. Hapa tumekuja kupeana uzoefu.

Mama Samaki Ngomeni
Uzoefu nimeutoa mwanangu. Nikitaja jina, mkulima atakwenda kununua nyingine bila kulala chini, akidhani amepona. Aliyepaka rangi juu ya kutu si kiwanda, na aliyekuwa akishusha gari baharini ni mimi.

Fundi wa Maweni
Mama amesema kweli. Mwaka huu nimechomelea chesisi za aina nne tofauti. Gari lililokaa ufuoni ni lililokaa ufuoni, liwe la nani. Rangi mbichi chini ya gari kuukuu ni ya kuogopwa. Nenda na bisibisi na nyundo ndogo. Gonga: chuma kizima kinalia, kilichooza kinaguna. Gonga hasa nyuma ya kebini, na pale springi za nyuma zinaposhikilia. Kama muuzaji anakukataza kugonga, mwambie ahsante na urudi kwako.

Dereva Mstaafu
Paka oili chafu chini kila baada ya miezi mitatu. Niliendesha pikapu ya shamba miaka mingi, chini hapakuwa na kutu.

Fundi wa Maweni
Mzee wangu, kwa heshima, kwa mtu wa mchangani sikubali. Oili inashika mchanga, mchanga unashika chumvi, na vile vitundu vya kutolea maji kwenye chesisi vinaziba. Ndani kunakuwa kama mtungi. Bora aoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, yenye nguvu, azibue vile vitundu kwa waya, aache ikauke.

Dereva Mstaafu
Wewe unaosha za watu, mimi niliiendesha. Gari ile mpaka leo ipo inatembea.

Fundi wa Maweni
Ilikuwa shamba la bara au la ufuoni?

Dereva Mstaafu
Langobaya.

Fundi wa Maweni
Basi hapo sawa, mzee. Langobaya hakuna bahari. Na Marafa vile vile, mkulima anaweza kupaka.

Mtu wa Mokowe
Salamu kutoka Lamu. Hilo la maji baridi ni kweli, ila muangalie maji yenyewe. Huku kwetu visima vingi vina chumvi. Mtu anaosha pikapu kila jioni kwa maji ya kisima akidhani anaitunza, kumbe anaitia chumvi. Mimi nina tangi la maji ya mvua, ndiyo ya gari.

Kazi yangu ni kupokea mizigo ya Malindi na Mombasa pale Mokowe. Kisiwani pikapu haina kazi, vichochoro ni vya watu na punda, kwa hiyo gari inabaki bara na mzigo unavuka kwa mashua. Zamani njia ya Garsen mpaka huku ilikuwa inamaliza bushi na springi kila baada ya miezi michache. Siku hizi kuna lami, tunashukuru. Ila mafuriko ya mwaka 2023 yalipokata njia upande wa Gamba, niliona pikapu za chini zikirudi na zile ndefu nazo zikirudi. Kijana mmoja alikaidi na foo-wili yake mpya. Maji yaliingia kwenye injini kupitia kichuja hewa, ikazima, na alipoilazimisha kuwaka kishikio cha pistoni kikapinda. Foo-wili inakutoa kwenye tope, kwenye maji yanayokwenda haikusaidii.

Na kwa mchanga, punguza upepo wa tairi. Mimi huuteremsha mpaka karibu psi 20, nikirudi kwenye lami naujaza. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri uwe nayo.

Binti wa Gongoni
Hilo la upepo limewahi kunitoa Ngomeni. Kweli kabisa.

Mwalimu wa Barani
Mkulima, mimi naongeza la karatasi. Nilinunua pikapu kwa mtu niliyemheshimu, tukaandikiana kwa wakili, nikalipa. Nilipotaka kubadilisha jina ndipo nikaona gari lina jina la pili, la wakopeshaji. Alikuwa anadaiwa. Miezi saba nilikuwa nikifukuzana naye, na wakopeshaji wananipigia mimi. Kabla hujatoa hata shilingi ya kushika, itafute namba ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone ni ya nani na kama kuna mwenye deni. Na ujue pikapu ni gari la biashara: ukaguzi wa kila mwaka, bima ya biashara, na kodi yake ya kila mwaka. Weka hizo pembeni kwenye hesabu ya hiyo 1,800,000.

Yadi Mombasa
Kuhusu kuagiza: sheria ya Kenya ni gari lisizidi miaka minane, usukani uwe kulia. Mwaka 2025, kwa mfano, za zamani kabisa zilizoruhusiwa ni zilizosajiliwa 2018. Na msishangae mkiona Hilux kutoka Japani ni chache. Kule iliacha kuuzwa mwaka 2004, ikarudi 2017, na hiyo iliyorudi inatengenezwa Thailand. Kwa hiyo dizeli nyingi utaziona zinatoka Thailand kwenyewe au Uingereza. Ya Uingereza uitazame chini mara mbili, kule wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Kwa bajeti yako, mkulima, na ushuru ulivyo, kuagiza dizeli ya foo-wili sikushauri. Tafuta ya hapa yenye historia.

Mama Samaki Ngomeni
Kumbe hata huko kuna chumvi.

Kijana wa Watamu
Nunua ya petroli, mkulima. Haina tabo, haina nozeli za bei ya ng'ombe.

Duka la Vifaa Muyeye
Petroli na tani moja mpaka Marafa? Faida ya embe yote itaishia kituo cha mafuta.

Kijana wa Watamu
Piga hesabu ya nozeli nne mpya halafu tuzungumze.

Mkulima wa Marafa
Ndugu zangu, ahsanteni. Mama, pole, maneno yako nimeyasoma mara mbili na nimemsomea mke wangu. Tumekubaliana singo kebini, watoto wataendelea na Probox, siiuzi. Kuna D-Max ya 2.5 ya mtu wa shamba Kakoneni, haijawahi kukaa ufuoni kwa maneno yake. Namba nimeshaitafuta, ni yake na haina deni. Jumamosi saa mbili asubuhi nakwenda. Fundi, unaweza kuja? Nauli na siku yako nitalipa.

Fundi wa Maweni
Nitakuja. Mwambie asiiwashe.

Mama Samaki Ngomeni
Mkulima, na turubai. Tafuta turubai kuukuu la kulalia, udongo wa Kakoneni hautoki kwenye shati.