Filamu ya vampaya Lamu kwa pesa kidogo: tupige vipi usiku, na vampaya mwenyewe awe nani?

kijana_mkomani
Wadau salaam aleikum. Swali langu refu kidogo mnivumilie. Mimi na wenzangu tuko Lamu tunataka kutengeneza filamu ya kutisha, ya vampaya, yule mnyonya damu wa sinema za kizungu, dakika kama arobaini hivi, tuiweke YouTube na tukipata tamasha la kuikubali tuipeleke. Pesa tulizochanga hazifiki laki na hapo hapo kuna chakula cha watu na mafuta ya boti. Kamera ni simu. Simu nzuri, lakini ni simu. Tulijaribu kupiga usiku vichochoroni picha ikajaa chenga mpaka sura ya mtu huijui, na taa za mtaa zinafanya kila kitu manjano kama mgonjwa wa ini.

Hilo moja. La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Hadithi yetu saa hii ni mzungu kanunua nyumba ya kale mtaani, hatoki mchana, anavaa joho jeusi, halafu watu wanaanza kupotea. Nilimsomea dadangu badala ya kuogopa akacheka, ati huyo vampaya wako anaogopa kitunguu saumu na pilau inapikwa kila nyumba, atakufa kabla hajafika mtaa wa Langoni. Na kweli, msalaba huku hauna maana, jeneza hatuziki nalo, yani kila kitu chake kigeni. Sasa vampaya anawezekana kweli kwetu ama tufanye jini tu kama kila mtu? Na waliopiga kwa pesa ndogo, hela iende wapi kwanza?

taa_na_kivuli (Malindi)
Kaka, la kwanza wacha kupiga usiku. Najua unaona nakuchezea lakini nisikilize. Ile Nosferatu ya Wajerumani ya 1922, ambayo ndio mama wa vampaya wote wa sinema, sehemu kubwa ya usiku wake ilipigwa mchana kweupe halafu filamu ikatiwa rangi ya buluu, watu wakakubali kwamba buluu ni usiku. Ukiona nakala isiyotiwa rangi unaona jamaa anatembea na mshumaa jua limewaka, inachekesha. Lakini hawakuwa na namna, filamu ya wakati ule haikuona gizani, sawa kabisa na simu yako.

Na nyinyi mna bahati ambayo hata sisi huku Malindi hatuna. Vichochoro vya mtaa wenu wa Mkomani ni vyembamba na kuta ni ndefu, mchana huoni mbingu. Na kinachofichua kwamba usiku wako ni wa uongo siku zote ni mbingu, ukiikosesha kwenye picha umeshinda nusu ya vita. Piga saa ambayo jua halijaingia kichochoroni, punguza mwanga kwenye simu kisha ufunge hapo hapo ili usipande wenyewe mtu akipita, halafu kwenye kuediti punguza rangi na uvute kidogo kwenye buluu. Kidogo! Watu wakishajua hio kitu wanaivuta mpaka sura za watu zinafanana na samaki wa juzi.

Pale unapolazimika kuonyesha mbingu, piga baada tu ya jua kuzama. Huku kwetu karibu na ikweta hio nafasi ni fupi, dakika ishirini hivi na giza limeshika, kwa hivyo mazoezi yote myamalize alasiri, kila mtu ajue anasimama wapi, magharibi ni kupiga tu. (Na wanaotaka kwenda kuswali waruhusuni, msije mkagombana na wazee kwa sababu ya sinema.)

Ndani ya nyumba tumia taa za kuchaji, zile za dukani, mbili tatu. Usimmulike mtu usoni, mulika ukuta. Kuta za chokaa zinarudisha mwanga laini kuliko kifaa chochote utakachokodi Nairobi. Na kama mnapiga usiku kweli, mwagieni maji chini kwanza, simiti ikilowa inashika mwanga na kichochoro kinaonekana badala ya kuwa shimo jeusi.

mwana_wa_kiamu
Mwanangu kijana_mkomani, dadako amesema kweli lakini dawa si kukimbilia jini. Jini tumeshamzoea, jini ana mganga wake na ana ubani wake, kila mtu mtaani anajua afanye nini. Wewe una mnyonya damu wa kwetu umemuacha amelala umeenda kumtafuta wa Transilvania huko Ulaya. Mumiani je?

Sisi tulipokuwa watoto tukitishwa na mumiani, si na jini. Usiende ufuoni magharibi, mumiani. Usichukue peremende ya mgeni, mumiani. Na si hadithi ya watoto tu, ni uvumi uliowahi kufunga miji. Ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson ya 1939 yenyewe imeandika kwamba uvumi ukishaanza kuwa mumiani, yani hio dawa inayosemwa ni ya damu ya watu, inatafutwa, watu wa mji wanashikwa na hofu hata jua likizama hawatoki nje. Bara nako enzi za mkoloni watu walisema ni wazimamoto, ati wanakamata watu wakawanyonye damu, Nairobi hio na Uganda. Kuna mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alizunguka akauliza wazee hizo habari akatoa kitabu kizima mwaka 2000. Sasa angalia alivyo huyu: hana meno marefu, hana joho. Ni mtu tu. Ana kazi, pengine ana mshahara, ana watu juu yake, na damu haendi kuinywa, inakwenda kufanywa dawa ya kuuzwa. Hapo ndipo mtu anapoogopa kwa sababu kumsomea mtu Ayatul Kursi haimzuii kama ni binadamu mwenzio anatafuta riziki.

Na tena tafadhali msitie aya za Kurani kwenye filamu kama silaha ya kufukuzia zimwi. Mambo hayo yatawaletea maneno na filamu haijatoka.

Popo_la_Shela
Mimi naona mnamsumbua bure afanye jini. Jini ndio inauza, ona filamu za Bongo. Vampaya nani ataangalia.

hodi_hodi
@Popo_la_Shela inauza kwa sababu ziko elfu, ya elfu na moja nani ataiona? Mumiani nakubaliana na mama hapo juu, lakini mimi sitamtupa vampaya wa vitabu mzima mzima, kuna vitu vyake vimeshonewa Lamu na mtunzi mwenyewe hakujua.

Chukua hii. Kwenye kitabu cha Dracula cha Bram Stoker, 1897, vampaya hawezi kuingia nyumba mara ya kwanza mpaka mtu wa nyumba hio amkaribishe. Kwa Mwingereza ile ni sheria ya ajabu ajabu ya kichawi. Kwetu ni kila siku! Mtu anapiga hodi, na wewe uko jikoni mikono ina unga, hujui ni nani, hujamwona, mdomo umeshajibu wenyewe "karibuu". Basi. Ameshaingia. Tena adabu zetu zinasema mgeni apige hodi mara tatu asipojibiwa aondoke. Kwa hivyo filamu yako nzima inaweza kuwa mlango, daka (kile kibaraza cha mlangoni), na sauti ya nje inasema hodi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Bibi mwenye nyumba anajua, ameshika wajukuu midomo wasijibu. Halafu mara ya tatu kuna mtoto juu darini hakuambiwa. Gharama yake ni nini hapo? Mlango wa kuazima kwa jirani. Vampaya hujamwonyesha hata kidole.

Na pili, kafika vipi mjini? Kwenye kitabu hicho hicho anakuja na meli, mabaharia wanapotea mmoja mmoja mpaka chombo kinaingia bandarini nahodha ni maiti kajifunga kwenye usukani. Sasa wewe uko Lamu. Jahazi linaingia na kaskazi, tanga liko juu, hakuna anayejibu watu wanaoita kutoka gatini. Hata mashua ndogo itatosha ukipiga kwa mbali. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari la wazimamoto la kumleta mumiani kwa hivyo atakuja na chombo, ndio mlango wa mji ulipo.

Hayo ya jua na vitunguu usijali. Dracula wa kitabuni anatembea mchana, ila nguvu zake zinapungua. Jua kumuua vampaya kulikuja na hio hio Nosferatu ya 1922. Watu wa sinema walijitungia sheria walivyotaka, na wewe jitungie.

kijana_mkomani
Wallahi hio ya hodi imenisimamisha nywele. Mama mwana_wa_kiamu shikamoo, nimepata faida. Ila nina wasiwasi, tusipomwonyesha kabisa watu hawatasema tumewadanganya? Mtu amebonyeza filamu ya vampaya anataka damu na meno. Tulifikiria pia awe mwanamke, avae buibui ajifunike uso, ni rahisi na gizani anatisha.

BintiMatondoni
Buibui hapana. Hapana kaka. Mamako anavaa, mimi navaa, halafu kesho watoto wananikimbia njiani wanacheka ati vampaya. Na ni uvivu, nguo nyeusi ndio kitu cha kwanza mtu anachofikiria. Kama ni mwanamke mpe leso na mkoba mpeleke harusini akae katikati ya watu awe ndiye anayecheka zaidi, hapo ndio sitalala. Kama ni mwanamume kanzu nyeupe imepigwa pasi, imenyooka, ile ambayo tone moja likianguka mji mzima unaliona.

Na damu muonyeshe jamani, mkose yote mawili? Ila ionyesheni mara moja tu na iwe nzuri. Mimi nimefanya mapambo ya michezo ya kuigiza, hii hapa kwa bei ya sokoni: sukari vikombe viwili maji kikombe kimoja, chemsha iwe shira, iache ipoe, tia rangi ya chakula nyekundu, halafu kakao kijiko kidogo kwa sababu bila kakao inakuwa rangi ya sharbati na watu watacheka. Ukitaka nzito koroga unga wa wanga kidogo. Ya kumwagika kwenye nguo tia tone za sabuni ya kuoshea vyombo, inatoka kwa urahisi ukifua, lakini hio isiende mdomoni mwa mtu, ya mdomoni ifanye kando kwenye chupa yake na uiandike. Na sisimizi. Hakuna aliyeniambia habari ya sisimizi. Mtu amelala chini amekufa kwa sinema anaanza kujikuna, picha imeharibika.

Mkipiga nyeusi na nyeupe mambo ni rahisi zaidi, ile filamu ya maiti wanaotembea ya Marekani ya 1968 ya George Romero damu yake ilikuwa shira ya chokoleti tu. Na Romero huyo huyo baadaye alifanya vampaya kijana asiye na meno marefu kabisa, anatumia sindano na wembe, inaitwa Martin. Kwa hivyo bajeti ya meno ifuteni, mumiani si daktari bandia? Mpeni sindano.

sauti_ya_bahari
Wote mmeongea picha hakuna aliyegusa sauti na ndipo filamu za pesa ndogo zinapokufa. Mtu anavumilia picha yenye chenga, sauti ya pangoni anafunga. Hela yenu iende kwenye maiki kwanza, zile za kubana shatini za waya si ghali, ifichwe ndani ya kanzu, irekodi kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa mwigizaji mwenyewe, pigeni kofi moja mwanzo wa kila kipande ili baadaye mlinganishe na picha.

Halafu Lamu yenu hio ina mambo yake. Punda. Punda hajui mnarekodi. Atalia katikati ya maneno ya mwisho ya mtu anayekufa, na akianza mmoja wanajibizana mpaka Shela. Mimi ningemuweka punda kwenye hadithi kabisa, punda anagoma kupita nyumba fulani, analia kila hodi inapopigwa, ukifanya hivyo kila kelele ya bahati mbaya inakuwa kama mmeipanga. Adhana pangeni ratiba kuizunguka, msiikate wala msiitie maneno juu yake. Upepo wa kusi ukivuma maiki ya nje haifai hata ukiifunga sufi, pigeni ya nje kaskazi ikiwa imetulia ama muingize sauti upya ndani ya kabati la nguo. Na popote mnapopiga rekodini ukimya wa pale mahali, dakika moja hivi, watu wote kimya, mtaushukuru siku ya kuediti.

Na ruhusa msisahau. Leseni ya kupiga filamu inatoka bodi ya kuainisha filamu, ngome na magofu ya Takwa ni ya Makumbusho ya Taifa muombe huko, droni ina kibali chake kwa mamlaka ya usafiri wa anga na kwa Lamu mimi nasema msiiguse hio droni kabisa. Mwambieni chifu na kituo cha polisi kwa maandishi, siku na saa. Kaunti yenu mnaijua ilivyo kiusalama, mtu mwenye kanzu ya damu anakimbia saa nne usiku hamtapewa nafasi ya kueleza kwamba ni shira.

mwana_wa_kiamu
Na mtaa pia muwaambie! Si polisi tu. Mkipiga mumiani kimya kimya kesho asubuhi uvumi uko Matondoni na watoto hawaendi madrasa, hili si neno la mzaha, watu wamewahi kupigwa kwa uvumi kama huo. Zungukeni nyumba kwa nyumba mchana, mumuonyeshe yule mwigizaji wenu kwa mato (macho) yao, wamjue ni mtoto wa fulani.

kijana_mkomani
Sawa mama, hilo tutafanya kabla ya lolote. Joho tumelitupa, mzungu tumemfuta, anakuja na chombo na ana mkoba wa dawa. BintiMatondoni nakutafuta inbox kuhusu damu na huyo mama wa harusini. Bado mlango tu, ule wa kwetu una kengele ya umeme.

hodi_hodi
Ng'oa kengele.