Mzungumzaji akifunga maoni kwenye video yake, mtazamaji asemee wapi?

Mwalimu wa Songea
Juma lililopita nilitazama YouTube mhadhara wa zaidi ya saa moja kuhusu Vita vya Maji Maji. Mzungumzaji ni hodari, lakini alisema Kinjekitile alinyongwa vita vilipokwisha, ilhali alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, navyo vikaendelea hadi 1907. Kosa hilo si dogo, kwa kuwa linawaficha wasikilizaji kwamba watu waliendelea kupigana hata baada ya mganga wao kuuawa. Nilitaka kumsahihisha kwa heshima, nikakuta maoni yamefungwa. Hata idadi ya wasiopendezwa na video imefichwa tangu Novemba 2021. Msimamo wangu ni kwamba anayeuhutubia umma hana haki ya kuuziba umma huo mdomo.

Binti Mgeta
Shikamoo Mwalimu. Mimi hufundisha hisabati kwa video na nimewahi kufunga maoni mara 3, wala sikukimbia kusahihishwa. Nilieleza logarithimu kwa dakika 20, na maoni mengi yaliyofuata yalihusu mwili wangu na nguo niliyovaa, huku wanafunzi wangu wakiyasoma. Umma unaousemea, Mwalimu, una na watu wa namna hiyo ndani yake. Isitoshe, wengi wanaoandika maoni hawajatazama hata dakika 2 za video yenyewe.

Mvuvi wa Kilwa
Dada, sentensi yako ya mwisho imeniuma, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Naanza kusoma maoni kabla ya kutazama kwa kuwa bando la kutazamia saa nzima ni fedha ya mboga nyumbani kwangu. Kwenye maoni namkuta msamaria aliyeandika kwamba jambo lenyewe linaanza dakika ya 31, nagusa tarakimu hizo, nafika moja kwa moja. Ukifunga maoni umenifungia mlango ninaoingilia, kisha unanihesabu mvivu.

Binti Mgeta
Kaka, sikukutaja wewe, na neno mvivu ni lako. Dakika hizo mzungumzaji anaweza kuziandika mwenyewe kwenye maelezo chini ya video, na nakubali kwamba sikuwa nikifanya hivyo. Lakini nimeeleza nilivyodhalilishwa mbele ya watoto ninaowafundisha, nawe umelipita hilo lote ukashika sentensi moja.

Mhariri Magomeni
Nawahariria watu video, na naona bando linalaumiwa bure. Wazungumzaji wanavuta maneno makusudi, kwa sababu video ikifika dakika 10 inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati. Ndiyo maana mtu anasalimu, anaomba ujiunge na chaneli, anaomba ubonyeze kengele, anasalimu tena, na mada bado haijaguswa.

Hisham, Muscat
Ndugu Mhariri, ni dakika 8 tangu 2020. Hiyo 10 ilikuwa zamani. Narudi kwenye maoni. Mwenye chaneli anaweza kuyazuia yasionekane mpaka ayapitishe, na anaweza kuorodhesha maneno asiyoyataka, kwa hiyo si lazima afunge kabisa. Kwenye darsa nilizokulia, maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi, mtu mmoja akayasoma, na hakuna aliyelalamika kwamba amezibwa mdomo.

Mvuvi wa Kilwa
Ziwe 8 au 10, anayevuta maneno ili tangazo liingie anavuta kwa bando nililonunua mimi. Hapo ndipo ninapotaka mtazamaji awe na pa kusemea.

Mwalimu wa Songea
Binti, pole sana. Niliposema hana haki nilimfikiria mwanahistoria yule peke yake, na neno langu likakupata wewe usiyehusika, hilo nalirudisha. Kwa ndugu Hisham, hata hivyo, sijaridhika. Anayesoma vikaratasi ndiye anayechagua, na kikaratasi kinachomsahihisha mzungumzaji ni chepesi kuwekwa chini ya vingine. Penye maoni ya wazi, hata yakifutwa, huenda watu kadhaa wakawa wameyasoma. Matusi na masahihisho yanahitaji milango tofauti, na mitandao hii imetupa kufuli moja tu la kufungia yote, au inamwachia mzungumzaji kazi ya kuchambua usiku kucha.

Hisham, Muscat
Mwalimu, kazi hiyo ni sehemu ya kuzungumza. Anayekubali kusikilizwa na maelfu atenge muda wa kuwasikiliza hata wachache.

Binti Mgeta
Rahisi kusema kwa ambaye hajawahi kuyasoma yanayoandikwa juu yake mwenyewe. Pamoja na hayo, leo mchana nimefungua maoni ya video ya logarithimu, yakisubiri idhini yangu. Yamefika 14. Nimefuta 9, na katika yaliyobaki moja linanionyesha kosa la alama kwenye mstari wa mwisho wa mfano wa pili, nami nimelibandika juu ya mengine yote. Kaka wa Kilwa, mfano wa tatu unaanza dakika ya 11.