Naomba ushauri: Gmail yangu na akaunti ya kazini kwenye simu moja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Kiwengwa. Ratiba za zamu, bei za vyumba na orodha ya wageni wa kupokelewa uwanja wa ndege, vyote viko Google Drive ya kampuni. Nikibonyeza kiungo, simu inafungua kwa Gmail yangu binafsi, naambiwa sina ruhusa. Juzi dereva kanipigia keshafika Mahonda, anataka jina la mgeni aliandike kwenye kibao, na mimi naomba ruhusa kwa bosi aliyelala. Aibu ilioje!

Sasa meneja ananambia nichague: ama Gmail yangu ipewe ruhusa ya mafaili, ama niingize akaunti ya kazini kwenye simu yangu. Ya kwanza nyepesi, lakini siku nikiacha kazi nani atakumbuka kuniondoa? Namba za pasi za wageni zibaki kwangu, mtihani huo. Ya pili nilijaribu, simu ikanitaka nikubali msimamizi wa kampuni aweze kufuta vilivyomo. Nikaghairi papo hapo. Humu mna sauti za marehemu bibi.

Fundi mmoja wa Darajani kasema Android inaweza kutenga wasifu wa kazi (work profile), yaani sehemu ya kazi peke yake ndani ya simu, wakifuta wanafuta huko tu. Aliyewahi kuutumia anieleze: vyangu kweli haviguswi? Na simu ya RAM GB 3 itahimili, au ndiyo itaanza kukwama?