Askari wa kaunti si kibarua wa gavana!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Askari wa kaunti akifutwa kazi hapa Kenya hakuna anayejali, maana mnatuita kanjo na mnatuona maadui. Hayo nayajua. Nisomeni tu hadi mwisho.

Kwetu majina ya wanaobaki kazini yalibandikwa getini asubuhi, watu wakiingia zamu. Karatasi moja yenye muhuri, sababu haikuandikwa. Ambaye hakuliona jina lake aliambiwa arudishe sare, buti na redio, aende nyumbani. Hakuna barua ya kujieleza, hakuna kikao, hakuna notisi. Nilipouliza, mkubwa alinijibu mbele za watu: "Wewe ulikuwa kibarua tu." Kibarua gani huyo aliyeshinda juani tangu gavana aliyepita, anayekatwa NSSF kila mwezi, anayepelekwa kortini kutoa ushahidi wa kaunti?

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi. Kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kufikia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi 3, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi na anastahili notisi. Kifungu cha 41: anayeshtakiwa utovu wa nidhamu aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Juu ya yote, ibara ya 236 ya Katiba inakataza afisa wa umma kufutwa au kushushwa cheo bila kufuata sheria. Bodi za utumishi wa umma za kaunti ziliwekwa ili ajira zisiwe mali ya gavana na wapambe wake. Lakini uchaguzi ukipita tu, wa zamani nje, vijana wa kampeni wanavishwa sare.

Nyinyi wachuuzi hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Askari akiambiwa "beba hiyo mali, usiandike risiti", naye anajua akikataa kesho jina lake halimo, mnategemea afanye nini? Nilimwona mwenzangu akiamrishwa amwage mafuta ya mama wa viazi karai, yakiwa yanachemka, watoto wamesimama pale pale. Akakataa, akasema, "Mkubwa, niandikie hiyo amri." Walimhamisha kituo kwa hasira, ila kumfuta walishindwa, kwa sababu ana barua ya ajira ya kudumu kutoka kwa bodi. Angekuwa kama sisi angeondoka siku hiyo hiyo, na angetafutwa mwingine wa kumwaga.

Tunachotaka ni barua za ajira kutoka kwa bodi, na kila aliyetolewa getini aitwe asikilizwe. Mwenye kosa aadhibiwe, hilo halina ubishi.

Kama kuna aliyewahi kukata rufaa kutoka kaunti kwenda Tume ya Utumishi wa Umma, au aliyefungua kesi Mahakama ya Ajira, aeleze hapa alianzia wapi na walimwitisha karatasi gani. Sisi tuna payslipu na rejista za zamu tulizopiga picha.