Kisu cha babu: kipigwe grainda king'ae, kiachwe na kutu yake, ama kuna njia ingine?

Wadau, hebu tuongee hii maneno ya visu vya zamani, maana naona watu wakiharibu vitu ambavyo hakuna duka la kuvirudisha. Huku Nakuru ubishi ni ule ule karibu kila boma: mzee amefariki, sanduku limefunguliwa, ndani mna kisu cha kukunja kimejaa kutu hata hakifunguki. Kijana wa nyumba anataka kukipeleka kwa fundi wa jua kali kipigwe grainda kiwe kama kipya. Shangazi naye anasema kisiguswe hata na kitambaa, ile kutu ni miaka ya baba yake. Na hapo watu wananuniana wiki nzima.

Msimamo wangu ni huu: kutu nyekundu itolewe, weusi uachwe, grainda isikaribie.

Nianze na upande wa shangazi kwa sababu wanaongea kwa uchungu na mimi nawaheshimu. Lakini kutu nyekundu sio kumbukumbu jamani, ni chuma kinaliwa na bado kinaendelea kuliwa. Iko na vitundu vidogo vidogo, inashika unyevu, na chini yake inachimba mashimo, na kama unaishi Kisumu ama kule Homa Bay karibu na ziwa hewa yenyewe ina maji. Springi ya kisu ikiliwa hivyo siku moja utakifungua na itakatika, basi. Kwa hivyo kukiacha sio kukihifadhi, ni kukiacha kife polepole.

Ule weusi ni kitu tofauti kabisa. Visu vingi vya wazee wetu ni chuma cha kaboni, sio stenlesi. Harry Brearley alitengeneza stenlesi yake kule Sheffield, Uingereza, 1913, na ilichukua muda hadi ifike kwa visu vya mfukoni. Hata wale Waswisi wa Victorinox waliongeza hilo neno "inox" kwa jina lao 1921 walipoanza kutumia hicho chuma. Chuma cha kaboni ukikata nacho ndimu, embe ama nyanya kinabadilika rangi, kinakuwa kijivu, bluu, halafu cheusi. Hiyo rangi ni tabaka jembamba limeshikana na chuma, halichimbi, na linapunguza kasi ya kutu ingawa sio kinga kamili. Hapo ndipo shangazi yuko sawa kabisa: kila tunda mzee alilomenya liko pale kwa ule weusi. Anayeusugua mpaka chuma kiwe cheupe anafuta maisha ya mtu, na kesho kutwa kutu itarudi tu.

Sasa grainda. Hapa sitapunguza maneno. Jiwe la umeme linachemsha chuma chembamba kwa sekunde, kikigeuka njano halafu bluu, yaani kama nyuzi 300 za joto, ugumu wake ushaenda, na hata ukikitumbukiza kwa maji baadaye haurudi. Utanoa asubuhi na jioni kitakuwa butu. Halafu kuna muhuri. Angalia pale makali yanapoanzia karibu na bawaba, mara nyingi kuna jina la kiwanda na mji, Sheffield ama Solingen. Vile visu vya jeshi la Uingereza vya vita ya pili, vyenye kifungua mkebe na ule msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba, vingi vimepigwa mwaka na kamshale kadogo ka serikali. Vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walikuwa Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wengi walirudi bila karatasi ya maana mkononi. Kama babu yako alikuwa mmoja wao na ukapata kisu kimeandikwa 1943, huo muhuri unaweza kuwa ndio ushahidi pekee familia iko nao. Grainda inaumeza mara moja.

Wanaosema "tutatumia soda, siki ama asidi ya betri," ngojeni kidogo. Ni kweli Coca-Cola ina asidi ya fosfori na inatoa kutu, siki pia inatoa, sibishani. Shida ni kwamba zinakula na weusi, zinaacha chuma kimechujuka, na zikiingia ndani ya bawaba huwezi kuzikausha zote kwa hivyo kutu inaanzia pale usipoona. Asidi ya betri hata sitaki kuijadili, hiyo inakula chuma chenyewe na mikono yako. Jik pia hapana, inaleta kutu badala ya kuitoa.

Kile kinafanya kazi ni mafuta na subira. Mafuta ya cherehani, matone kadhaa kwa bawaba, wacha yalale usiku, asubuhi jaribu kufungua pole pole, kikikataa ongeza mafuta usilete koleo. Kikifunguka, toa uchafu wa ndani na kijiti cha meno, sugua na mswaki mzee uliolowa mafuta ya taa kidogo (mbali na jiko tafadhali), kausha. Kutu iliyobaki kwa bapa paka mafuta halafu ikwangue na ile senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, kwa sababu ni shaba na shaba ni laini kuliko chuma cha kisu, kutu inatoka bila mikwaruzo. Ule waya wa kusugulia sufuria wacha, unakwaruza vibaya. Mpini wa mfupa ama pembe ya ng'ombe usiuloweke wala usiutie maji moto, utapasuka. Na kama ni pembe ya ndovu, kabla ya kufikiria kuuza ongea na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kuwa nayo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Ukimaliza paka mafuta membamba, na usikirudishe kwa kile kifuko cha ngozi. Ngozi inashika unyevu pamoja na dawa za kuitengenezea, visu vingi vimeozea humo humo watu wakidhani wamevitunza.

Kuna kijana aliniambia kiking'aa kitauzwa bei nzuri. Wanaonunua visu vya zamani kwa kujua wanataka muhuri unaosomeka na bapa lenye umbo lake la kwanza, wakiona kimesagwa wanashusha bei ama wanaondoka.

Penye sijaamua ni hapa: kisu kimevunjika ncha, je, kitengenezwe ncha mpya ama kibaki kikiwa butu? Mimi naegemea kukiacha, lakini kuna wazee bado wanatumia visu vyao kila siku shambani Molo na Njoro na wao wanataka kikate, sio kikae kabatini. Nyinyi wenye kunoa kwa jiwe la mkono na maji, inawezekana kurudisha ncha bila kugusa muhuri na bila kuchemsha chuma? Na kwa familia zilizokwama kwa huu ubishi, kwenu nani alikuwa na neno la mwisho?